Rimoti ya ndege za modeli: anza na risiva, chaneli zitafuata (uzi mrefu)

#1 | Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Swali la "ninunue rimoti ipi?" halikauki humu, na majibu karibu yote yanaanza na idadi ya chaneli, yaani amri ngapi tofauti rimoti inaweza kutuma. Huyu anasema sita zinatosha, yule anasema usishuke chini ya kumi, mwingine anataja tu rimoti aliyonayo mkononi. Naomba leo tuanzie kwingine: kwenye risiva, kile kifaa cha ndani ya ndege kinachopokea amri za rimoti.

Rimoti unanunua moja. Risiva unanunua moja kwa kila ndege. Ukishafikisha ndege tano au sita, kinachokufunga ni hizo risiva zilizomo ndani ya mabodi. Mtu anatamani rimoti mpya, anapiga hesabu, anakuta inabidi afungue kila ndege, ang'oe risiva, alaze antena upya, achomeke servo (vimota vinavyosogeza vibao vya bawa na mkia) upya, aweke upya feilisefu (ndege ifanye nini signali ikipotea). Anaghairi. Nimeona marubani wazuri kabisa wanakaa miaka na rimoti wasiyoipenda kwa sababu hiyo pekee. Kwa hiyo cha kwanza kuchagua ni itifaki, yaani lugha ambayo rimoti na risiva zinazungumza. Skrini, swichi na umbo la boksi vinafuata nyuma.

Kwa wageni, historia kidogo, maana inaeleza kwa nini tumefika hapa. Zamani modeli ziliruka kwenye masafa ya 27, 35, 40 au 72 MHz kutegemea nchi. Kila rimoti ilikuwa na kristali yake, na marubani wawili wakiwasha chaneli moja ya masafa kwa wakati mmoja, ndege iliyoko hewani ilikuwa inarudi chini vipande vipande. Viwanja vikaweka ubao wa vibanio: huwashi rimoti mpaka kibanio cha chaneli yako kiwe mkononi mwako. Katikati ya miaka ya 2000 Spektrum wakaja na DX6 na baada yake DX7, Futaba wakaja na FASST, na hobi nzima ikahamia 2.4 GHz. Humo, bendi ya kati ya 2400 na 2483.5 MHz inagawanywa vipande vidogo, na rimoti nyingi za sasa zinaruka kutoka kipande hadi kipande mara nyingi kwa sekunde, risiva ikizifuata kwa mpangilio waliokubaliana wakati wa kuoanishwa. Marubani wengi wanaweza kuruka pamoja bila kuulizana nani yuko chaneli gani.

Faida ilikuwa kubwa, lakini ilikuja na gharama yake. Enzi za kristali, risiva ya kampuni moja mara nyingi ilisikia rimoti ya kampuni nyingine. Kwenye 2.4 GHz kila kampuni ilijijengea ukuta. Spektrum wana DSM2 na DSMX. Futaba wana FASST, FASSTest na S-FHSS. FlySky wana AFHDS na AFHDS 2A. FrSky wana ACCST na ACCESS, na hata ndani ya ACCST yenyewe, toleo la pili lililotoka 2020 halielewani na la kwanza, lazima usasishe rimoti na risiva pamoja. Halafu kuna TBS Tracer (na ndugu yake Crossfire, ambayo iko nje ya 2.4 GHz), na ExpressLRS ambayo ni programu huria.

Kwa mtu anayeanza leo, au anayetaka kupanda daraja, mimi naona njia tatu.

Ya kwanza ni kukaa ndani ya ukuta wa kampuni moja kubwa. Risiva zake zinakugharimu zaidi, lakini kila kitu kinatoka chumba kimoja, menyu ni laini, na kuna ndege zinazouzwa zikiwa tayari na risiva ya kampuni hiyo ndani. Ukiona wenzako unaoruka nao wote wako humo, usidharau.

Ya pili ni rimoti yenye moduli ya itifaki nyingi, ile inayoitwa "4 kwa 1". Ndani yake kuna chipu nne za redio: CC2500, CYRF6936, A7105 na NRF24L01. CC2500 inaongea na risiva za FrSky ACCST na za Futaba S-FHSS, CYRF6936 inaongea DSM2 na DSMX, A7105 inaongea na FlySky, na NRF24L01 inashika vindege na drone nyingi za kuchezea. Kwa mtu mwenye kabati la risiva mchanganyiko hii ni nafuu kubwa sana, kwa sababu anabadilisha rimoti bila kugusa ndege. Ila hakikisha kwanza: FASST ya Futaba, kwa mfano, haimo. Usinunue kwa neno "inaongea na zote".

Ya tatu ni ExpressLRS, au ELRS kwa kifupi. Hapa ndipo mimi ningeanzia kama ningekuwa naanza upya bila risiva hata moja. Risiva zake zinatengenezwa na kampuni nyingi, ni ndogo, nyepesi, hazina bei ya kukutisha, na masafa yake ni marefu kuliko macho yako yanavyoweza kuiona ndege. Lakini kuna mambo mawili ambayo watu wa drone hawakwambii, kwa sababu wao hayawahusu.

Moja: risiva nyingi za ELRS hazina pini za servo. Zinatoa waya mmoja wa data wa CRSF unaoingia kwenye kompyuta ya ndege. Drone inayo hiyo kompyuta, kindege chako cha kujifunzia cha foamu hakina. Unatakiwa kutafuta risiva iliyoandikwa PWM, yenye safu ya pini tatu tatu za kuchomeka servo moja kwa moja.

Pili: kwenye mpangilio wa kawaida wa ELRS, chaneli nne za kwanza zinasafiri kwa usahihi kamili, lakini chaneli ya 5 ni ya kuwasha na kuzima tu. Ina hali mbili, basi. Sasa mwenye ndege ya eleroni mbili (vibao vya bawa vya kuilaza ndege kushoto au kulia), kila moja na servo yake, kwa mazoea anachomeka ya pili kwenye chaneli ya 5. Anawasha, anasogeza stiki, eleroni ya kulia inasogea taratibu na ya kushoto inaruka juu au chini kwa mkupuo bila kituo katikati. Servo haijafa. Amuru chaneli ya 5 ikae na kitu cha swichi, kama kukata mota, au badili kwenda mfumo wa chaneli kamili, kama ule wa 100 Hz au 333 Hz wenye neno "Full". Ukibaki kwenye mfumo wa kawaida, chagua ule wa "Wide" ili chaneli za juu zipate hatua nyingi zaidi.

Baada ya itifaki, kwangu mimi kinachofuata ni stiki. Watu wanatazama skrini ya rangi, mimi natazama stiki, kwa sababu ndizo vidole vyangu vitakavyogusa kila sekunde ya kila mruko. Stiki za potensiomita zina kipande kinachosugua juu ya njia ya kaboni, na njia hiyo inachakaa. Stiki za senza za sumaku hazisuguani mahali pa kusoma, kwa hiyo hudumu zaidi na husoma kwa utulivu. Ila "senza za sumaku" peke yake si cheti cha ubora, maana beringi na springi mbovu zinaweza kuharibu senza nzuri.

Jaribio ninalolifanya nikishika rimoti yoyote, mpya au ya mkononi: nafungua ukurasa unaoonyesha namba za chaneli. Nasukuma stiki ya kulia mpaka mwisho, nairudisha taratibu kwa kidole mpaka katikati, nasoma namba. Kisha naisukuma upande wa pili, nairudisha vile vile, nasoma tena. Namba mbili hizo zikiwa mbali, stiki ina uzito wa kukwama au ulegevu, na hewani utakuwa unagusa trimu (marekebisho madogo ya katikati ya stiki) kila saa bila kujua kwa nini. Halafu naacha stiki bila kuigusa na kutazama kama namba inacheza yenyewe. Mwisho naiachia ghafla kutoka pembeni: ikipita katikati na kurudi mara mbili tatu, springi inahitaji kukazwa, na rimoti nyingi nzuri zina skrubu ya kazi hiyo nyuma au chini ya mfuniko.

Chaneli, kwa haraka. Nne za msingi: eleroni, eleveta (ya kupandisha na kushusha pua), throto (nguvu ya mota) na usukani wa mkia. Eleroni mbili zenye servo tofauti zinaongeza moja, flapu mbili zinaongeza mbili, magurudumu ya kukunja moja. Umefika nane. Glaida yenye servo nne kwenye bawa, mbili mkiani na mota ni saba. Rimoti nyingi za kisasa zinatoa 16, kwa hiyo ugomvi huu umeshapitwa na wakati. Tatizo lako litakuwa pini za risiva.

Programu ya rimoti nayo ina uzito. EdgeTX, iliyochipuka kutoka OpenTX mwaka 2021, inakupa uhuru wa kuchanganya chochote na chochote: mkia wa V, eleveni (kibao kimoja kinachofanya kazi ya eleroni na eleveta), flapu zinazosukuma eleveta chini kidogo zenyewe, sauti inayokusomea volti za betri. Gharama ya uhuru huo ni muda wa kujifunza. Ukielewa tu kwamba mambo yanapita hatua tatu, ingizo (stiki na ekspo, yaani kulainisha stiki karibu na katikati), mchanganyiko (nani anaamuru chaneli ipi), na towe (kugeuza upande na kuweka mipaka ya servo), umeshavuka mlima. Makosa mengi ninayoyaona ni mtu kurekebisha mpaka wa servo kwenye ingizo, halafu anashangaa trimu na ekspo zimepotoka.

Naomba kuwasilisha. Mwenye swali aulize, mwenye hoja tofauti ailete.

#2 | Mwanachama mpya

Asante mkuu kwa uzi huu. Mimi nina ile rimoti iliyokuja ndani ya boksi pamoja na ndege ya kujifunzia. Haina skrini, haina kumbukumbu ya modeli, betri zake ni AA nne. Nataka kununua ndege ya pili. Je, niitupe? Na kuna jamaa amenishauri ninunue moduli ya wati moja ili signali isikatike. Kwa sasa ndege ikifika mbali inakuwa kama inasitasita.

#3 | Mwanzisha uzi

Karibu sana mkuu.

Usiitupe, ila usiijengee maisha pia. Kinachokubana zaidi ni kukosa kumbukumbu ya modeli. Ukiwa na ndege mbili, kila unapohama itabidi urudishe trimu na kugeuza swichi za upande wa servo kwa mkono. Siku ukisahau, eleroni zinakwenda kinyume na unakuja kugundua magurudumu yameshaacha ardhi. Rimoti yenye kumbukumbu inahifadhi kila ndege na mipangilio yake, na mifumo mingi ina ulinzi wa ziada ambapo risiva inakataa kusikia kama umechagua modeli isiyo yake. Hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kupanda daraja. Chunguza kama rimoti yako inaongea moja ya itifaki za moduli ya 4 kwa 1, kwa sababu kama ndiyo, ndege uliyonayo itaendelea na risiva yake ile ile.

Sasa la wati moja, hapana, usianzie huko. Ukitaka kufika mbali mara mbili, nguvu ya kurusha mawimbi inatakiwa iwe mara nne, kila kingine kikibaki vile vile. Kutoka miliwati 100 mpaka wati moja umeongeza mara kumi, ambayo ni umbali wa karibu mara tatu kwenye karatasi. Nayo inakula betri, inachemsha moduli, na sehemu nyingi sheria haikuruhusu. Ulaya kikomo cha 2.4 GHz ni miliwati 100 ukihesabu na antena. Kagua sheria ya hapo ulipo kabla hujagusa menyu ya nguvu.

Kagua antena kwanza. Kwenye 2.4 GHz wimbi lina urefu wa kama sentimita 12.5, na ile ncha iliyochunwa ya antena ya risiva ni robo yake, milimita 31 hivi. Ni kipande hicho tu kinachosikia. Sehemu iliyobaki ya waya ni njia ya kupeleka. Kama ncha imekunjwa, imekatika, imelala juu ya betri au imefunikwa na nyuzi za kaboni, umeipoteza. Risiva ikiwa na antena mbili, zipinde kwa pembe ya nyuzi 90, moja imelala na nyingine imesimama, ili ndege ikigeuka vyovyote moja iwe inasikia.

Upande wa rimoti, mawimbi ni dhaifu kabisa kwenye mwelekeo wa ncha ya antena. Watu wengi wanainyooshea ndege ncha kama mtu anayeonyesha kwa kidole, na hapo ndipo wanapoipa ndege mawimbi kidogo kuliko pande zote. Ikunje antena isimame wima au ilale pembeni, ili ubavu wake ndio utazame ndege.

Baada ya hapo fanya jaribio la masafa, yaani kupima signali inafika umbali gani. Rimoti nyingi zina menyu inayoshusha nguvu kwa makusudi. Weka ndege juu ya meza ya mbao au kreti, isiwe chini kabisa kwenye nyasi. Mwenzako aishike. Ondoka hatua kama 30 ukisogeza stiki muda wote, ndege ikigeuzwa pande zote. Servo zikifuata bila kusita, rudia mota ikiwa inazunguka. Hili la mwisho watu wanaliruka, na ndilo linaloonyesha kelele za umeme za kidhibiti cha mota.

#4 | Mchangiaji wa siku nyingi

Nimeusoma uzi wote, ni mzuri, ila mkuu sikubaliani nawe kwa mambo mawili.

Kwanza, kwa anayejifunza, itifaki bora ni ile ya mwalimu wake. Hata ukimpa ELRS yenye masafa ya kilomita, kama mwalimu hawezi kumwunganisha kwenye kamba ya mafunzo (waya kati ya rimoti ya mwalimu na ya mwanafunzi), atajifunza peke yake na atavunja ndege ambayo mwalimu angeiokoa kwa kuachia swichi moja tu. Hilo lilipaswa kuwa mstari wa juu kabisa.

Pili, ndege kubwa. Mimi narusha za petroli zenye bawa la zaidi ya mita mbili. Huko nataka risiva zenye njia mbili za umeme, betri mbili, na kampuni ninayoweza kuipigia simu. Siwezi kuning'iniza kilo kadhaa juu ya vichwa vya watu kwenye risiva ya gramu chache ambayo jana niliipandishia programu mimi mwenyewe mezani.

#5 | Mwanzisha uzi

La mwalimu nalipokea moja kwa moja, mkuu. Anayejifunza na mtu, achukue kinachomwunganisha na huyo mtu. Niongeze tu kwamba kamba ya mafunzo kwenye rimoti nyingi inabeba PPM, ambayo ni lugha ya waya isiyojali itifaki ya hewani. Kwa hiyo rimoti za kampuni mbili mara nyingi zinaweza kufungwa pamoja, mradi plagi zilingane na mpangilio wa chaneli uwekwe sawa. Rimoti ya mwanafunzi haiongei na ndege kabisa wakati huo, mawimbi yote yanatoka kwa mwalimu. Kamba mimi naikagua mara mbili: mwanafunzi asogeze kila stiki na servo zifuate upande sahihi, kisha mwalimu aachie swichi wakati mwanafunzi ameshikilia stiki pembeni, na servo zirudi mara moja kwa mwalimu. Hayo yanafanywa chini, kila siku, kabla ya mruko wa kwanza.

La ndege kubwa nakuelewa, na kwa uzito ule mimi pia ningetaka umeme wa njia mbili. Hapo tunatofautiana kidogo tu: naona umeme wa njia mbili una uzito kuliko jina la kampuni. ELRS nayo ina risiva zenye redio mbili kamili zinazosikia kwa wakati mmoja. Ila la kutokupandisha programu mpya usiku wa kuamkia siku ya kuruka, hapo uko sahihi asilimia mia.

#6 | Mchangiaji mwingine

Wakuu, nisaidieni na mimi. Nina ndege ya mita 1.5, servo sita za gia za chuma, risiva mpya, antena nimezilaza vizuri kama mlivyosema. Jaribio la masafa linapita bila shida. Lakini hewani nikivuta kitanzi kikali au nikigeuka ghafla kwa eleroni na eleveta pamoja, naipoteza kwa sekunde moja au mbili, halafu inarudi. Ikiwa inakwenda polepole, hata mbali kabisa, haikatiki. Nimeanza kufikiria kubadili rimoti nzima.

#7 | Mwanzisha uzi

Usibadili rimoti mkuu. Soma tena ulichoandika: mbali haikatiki, karibu inakatika ukivuta kwa nguvu. Signali ingekuwa ndiyo tatizo, ingekatika mbali. Mimi nashuku umeme wa risiva.

Servo za gia za chuma zikivutwa zote kwa pamoja dhidi ya upepo zinakunywa ampea nyingi kwa ghafla. BEC (sehemu inayolisha risiva na servo umeme) iliyomo ndani ya kidhibiti cha mota ikizidiwa, volti zinashuka, risiva inazimika, kisha inawaka upya na kutafuta rimoti. Hizo sekunde moja au mbili unazoziona ni risiva inaamka. Enzi za DSM2 tatizo hili lililaumiwa sana kwenye itifaki, na mara nyingi mkosaji alikuwa betri au BEC.

Unaweza kulithibitisha mezani. Ondoa propela kabisa, hilo kwanza. Kama risiva yako inatuma telemetria (vipimo vinavyorudi kwenye rimoti) ya volti, weka namba hiyo kwenye skrini kuu. Ndege ikiwa imetulia utaona labda 5.0 au 5.1. Sasa zungusha stiki zote mbili kwa kasi, mduara mzima, kwa nusu dakika, na mwenzako azuie eleroni na eleveta kidogo kwa vidole ili servo zifanye kazi kweli. Tazama namba ya chini kabisa. Ikibaki juu ya 4.8, naanza kutafuta kwingine. Ikishuka chini ya hapo, au skrini ikisema telemetria imepotea, umempata mwizi. Kumbuka pia telemetria inasoma kwa vipindi, mporomoko mfupi sana unaweza kupita bila kuandikwa, kwa hiyo ukiona hata dalili ndogo ichukulie kwa uzito.

Dawa ni BEC ya nje yenye uwezo wa kutosha kwa servo zako, ikiingia risiva kwa waya mnene na plagi isiyolegea. Ukiweka BEC ya nje, chomoa waya mwekundu wa kidhibiti cha mota unaokwenda risiva, ili vyanzo viwili visigombane, isipokuwa maelekezo ya vifaa vyako yanasema vinginevyo. Na kagua swichi ya kuwashia ndege kama unayo, swichi ndogo za zamani zinapunguza umeme bila kutoa taarifa.

Ukishamaliza, weka sauti ya tahadhari kwenye rimoti: volti za risiva zikishuka chini ya 4.8, ikwambie. Hiyo ndiyo faida ya telemetria ninayoipenda kuliko zote. Ramani na kasi ni vya kufurahia, volti inaokoa ndege.

#8 | Mwanachama mpya

Narudi. Nimekagua, itifaki ya rimoti yangu imo kwenye moduli ya 4 kwa 1, kwa hiyo nimeamua kuchukua rimoti yenye moduli hiyo ndani na nafasi ya moduli ya nje nyuma, ili ELRS nije kuiongeza polepole. Maswali mawili ya mwisho: Mode 1 au Mode 2? Na programu, niisasishe mara tu ikifika?

#9 | Mwanzisha uzi

Umechagua vizuri mkuu.

Mode 2 inaweka throto na usukani wa mkia kushoto, eleroni na eleveta kulia. Mode 1 inaweka throto na eleroni kulia, eleveta na usukani wa mkia kushoto. Hakuna iliyo bora. Chukua ya watu unaoruka nao, ili siku ukikwama mtu apokee rimoti yako na kuirusha bila kufikiri. Ila amua kabla ya kuagiza, maana kuhamisha springi na klachi ya throto kunahitaji kufungua boksi kwenye rimoti nyingi.

Programu, usisasishe siku ya kwanza. Iwashe, oanisha ndege ya zamani, irushe mpaka uizoee. Ukifika wakati wa kusasisha, nakili kadi yote ya SD kwenye kompyuta kwanza, betri iwe imejaa, na usichomoe waya katikati. Kwa ELRS kuna la ziada: namba kuu ya toleo kwenye rimoti na kwenye risiva lazima ilingane. Toleo la 2 na la 3 hazisikilizani kabisa, na mtu asiyejua anadhani risiva imekufa. Ukipandisha rimoti, pandisha risiva zote siku hiyo hiyo. Na moduli usiiwashe kamwe bila antena kufungwa, hata kwa sekunde chache za kujaribu menyu, unaweza kuiunguza hatua ya mwisho ya kurushia mawimbi.

Siku za mvua chomeka rimoti kwenye kompyuta kwa USB, zenye EdgeTX zinajitambulisha kama jostiki na unaweza kufanya mazoezi kwenye simuleta kwa stiki zile zile utakazorushia.

Kabla hujairusha ile ndege ya zamani na rimoti mpya, weka feilisefu upya, hata kama uliiweka zamani. Usiamini kwamba imehama. Toa propela, funga ndege mezani, pandisha throto mpaka nusu, halafu zima rimoti. Mota inatakiwa isimame. Ikiendelea kuzunguka, risiva imeshika amri ya mwisho, na hiyo ndege ikipoteza signali hewani itaondoka na throto ile ile uliyoiacha. Rudi kwenye menyu ya risiva, acha ile ya "shika", chagua ya kuweka nafasi zako mwenyewe, throto chini kabisa na usukani katikati, rudia jaribio. Mifumo mingine inahifadhi feilisefu wakati wa kuoanisha, kwa hiyo hapo inabidi stiki ya throto iwe chini kabisa unapooanisha.

#10 | Mchangiaji mwingine

Mrejesho, wakuu. Nimefanya jaribio la mezani. Ikiwa imetulia 5.1, nikizungusha stiki na eleroni zimezuiwa ikashuka 4.1 na rimoti ikatangaza telemetria imepotea. Nimefunga BEC ya nje, sasa haishuki chini ya 5.0. Vitanzi vyote nilivyokuwa naviogopa vimepita. Rimoti inabaki.

#11 | Mwanzisha uzi

Safi sana mkuu. Andika aina ya servo na uwezo wa BEC uliyoifunga hapa chini, kuna wenzetu wana ndege ya ukubwa huo huo na wanalaumu rimoti zao sasa hivi.